Chujio la Maji ya Msafiri



Mwezi uliopita ilinifikia barua ya mama mmoja wa Tanga, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu. Mwanawe yuko masomoni Marekani, katika jimbo la California, naye amemwandikia kwamba katika likizo ya kiangazi akusudia kutembea kwa miguu milimani muda wa majuma matatu, mzigo mgongoni, pamoja na wenziwe wawili. Mama huyu hakuogopa milima, wala hakuogopa dubu. Lililomshitua ni neno moja tu katika barua ya kijana: kwamba njia nzima watakunywa maji ya mito na maziwa, na kwamba yumo katika kuchagua chujio, na machujio ni mengi hata hajui ashike lipi. "Mwalimu," aniandikia mama, "mwanangu hakulelewa kunywa maji ya mtoni. Mwambie asiende. Na kama hatasikia, basi mwambie anunue chujio gani."

Hilo la kwanza sitalifanya. Kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekwenda peke yake mpaka ng'ambo ya bahari hazuiwi na mwalimu kwa barua. Lakini hilo la pili nalichukua kwa mikono miwili, nami nitaeleza kwa nini, maana huenda msomaji akastaajabu: mwalimu wa chuo cha Kurani na machujio ya maji, wapi na wapi?

Katika mwaka 2004 niliwachukua wanafunzi tisa wa chuo changu kutembea katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto kwenda Mtae, mwendo wa siku nne. Siku ya pili maji tuliyoyachukua yalitwishia kabla ya adhuhuri. Tukafika penye kijito, maji maangavu, baridi, yapita juu ya mawe. Vijana wakanitazama mimi. Nami, kwa kuwa mwalimu hapendi kukosa jibu, niliwajibu kwa lile nilijualo: nikawauliza mlango wa maji katika fiqhi. Maji mengi, yaliyofika kulateni na kuzidi, yananajisika lini? Wakajibu kwa sauti moja: yakibadilika rangi, au tamu, au harufu. Nikawauliza, haya yamebadilika? Wakasema, hayakubadilika. Nikasema, basi kunyweni; nami nikawa wa kwanza kuinama.

Siku ya kumi na tatu baada ya hapo mmoja katika wale tisa alishikwa na homa. Ilikuwa homa ya matumbo. Utumbo ulitoboka, akapasuliwa, akalala hospitali majuma matano. Alipona, alhamdulillahi, lakini mtihani wa darasa la saba ulipita yeye yungali kitandani. Daktari aliniuliza tulikunywa maji gani, nami nikamweleza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilipanda juu kutazama kile kijito kinatoka wapi. Sikupanda. Nilirudi baadaye nikapanda: mwendo wa nusu saa juu ya pale tuliponywa palikuwa na kijiji, na vyoo vyake ukingoni mwa maji. Sisi hatukukiona kwa sababu ya miti.

Jibu langu la fiqhi lilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kulitumia kwa swali lisilokuwa lake. Utohara wa maji ni jambo moja, na usalama wake tumboni ni jambo jingine. Vijidudu vya maradhi haviyabadilishi maji rangi, wala tamu, wala harufu. Baba wa yule kijana alinisamehe siku ile ile. Mimi nimechukua muda mrefu zaidi, na tangu hapo kila nilipopata kitabu au mtu wa kuuliza juu ya maji, niliuliza. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani sasa ni mwongozaji wa watalii milimani, naye ndiye aliyeniletea machujio ya namna mbalimbali nikayashika kwa mikono yangu na kuyajaribu kwa maji ya kisima.

Sasa na tumrudie kijana wa California. Njia anayoitaka huitwa John Muir Trail, nayo yapita katika milima ya Sierra Nevada, kutoka bonde la Yosemite mpaka kilele cha Mount Whitney chenye urefu wa mita 4,421. Ni kiasi cha kilomita 340, na sehemu yake kubwa ni moja na ile njia ndefu mno iitwayo Pacific Crest Trail, itokayo mpaka wa Mexico hata mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,200. Dada yangu, mama wa kijana, apenda kujua kwa nini wasichukue maji yao. Hesabu ni nyepesi. Litari moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu apandaye mlima na mzigo hunywa litari tatu au nne kwa siku, mbali na ya kupikia. Kwa majuma matatu ni zaidi ya kilo sitini, na mzigo wake wote, pamoja na chakula na hema, haumfai kufika hata kilo ishirini. Hapana budi ayaokote maji njiani, na neema ya milima ile ni kwamba wakati wa kiangazi theluji huyeyuka na vijito ni vingi.

Basi ni nini kilichomo katika vijito hivyo? Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, nami naomba msomaji asiharakie. Viumbe viletavyo maradhi katika maji ni vya namna tatu, na tofauti yao iliyo kubwa kwetu sisi wachujaji ni ukubwa wao. Wataalamu huvipima kwa kipimo kiitwacho maikroni: chukua milimita moja, uigawe sehemu elfu, sehemu moja ndiyo maikroni. Unywele wa kichwa chako una upana wa maikroni sabini au karibu na hapo. Vilivyo vikubwa katika hao watatu ni wadudu wenye ganda, mmoja huitwa Giardia, ambaye ganda lake lina maikroni nane mpaka kumi na mbili, na mwingine Cryptosporidium, maikroni nne mpaka sita. Giardia ndiye aogopwaye sana na wasafiri wa milima ya Marekani. Huharisha na kujaza tumbo hewa, na uchungu wake huanza juma moja au mawili baada ya kunywa, wakati mtu amekwisha kusahau alikunywa wapi. Wa pili ni bakteria, kama wale wa homa ya matumbo na wa kipindupindu: upana wao ni kiasi cha nusu maikroni hata moja. Wa tatu ni virusi. Hao ni wadogo kupita fikira. Kirusi cha homa ya manjano ya ini, ile namna ya A ipatikanayo kwa maji na chakula, ukubwa wake ni kiasi cha sehemu tatu katika mia za maikroni.

Kila mama ajua kifumbu. Kifumbu huzuia machicha, hakizuii tui. Chujio la msafiri nalo ni kifumbu, ila matundu yake ni madogo mno. Na kila kifumbu kina tui lake linalopita. Kwa hakika virusi vilijulikana kwa njia hiyo hiyo. Katika mwaka 1884 Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur mjini Paris, alitengeneza chujio la kauri isiyopakwa rangi ya kung'aa, lililozuia bakteria wote waliojulikana siku zile. Watu wakafurahi. Katika mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alipitisha katika chujio la namna hiyo maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa, akaona kwamba maji yaliyotoka upande wa pili bado yaambukiza. Kulikuwa na kitu kilichopita. Msomaji alikumbuke hilo, kwani tutalihitaji tutakaporudi nyumbani.

Chujio lililoenea leo kwa watembeaji wa masafa marefu ni kibomba kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake mmejaa mirija myembamba kama uzi, na kuta za mirija hiyo zina matundu ya maikroni moja ya kumi. Mtu huchota maji machafu katika mfuko laini, akafunga chujio mdomoni mwa mfuko, akakamua. Maji yakatokea upande wa pili. Ganda la Giardia halipiti hapo, wala bakteria. Chujio liitwalo Sawyer Squeeze ni la namna hii na uzito wake haufiki gramu mia. Katadyn BeFree nalo ni la namna hii, jepesi zaidi kidogo, na maji yake hutoka mbio kuliko yale.

Kijana auliza lipi kati ya hayo mawili, maana ndiyo aliyoyaandika katika barua yake. Mimi ningechukua la kwanza, na sababu yangu ni ya kimaskini: huingia katika mdomo wa chupa ya kawaida ya maji ya dukani. Mfuko wake ukipasuka mahali ambapo duka liko mwendo wa siku nne, chupa yoyote itakayookotwa itafaa. La pili lina mdomo wake mpana wa peke yake, na mfuko ukipasuka taabu ni kubwa. Tena la kwanza husafishwa kwa kusukuma maji safi kinyume kwa bomba kama la sindano, na kwa njia hiyo uchafu uliogandamana hutoka. La pili hutikiswa tu ndani ya maji. Penye maji ya theluji kutikisa kwatosha. Penye matope, la. Lakini mtu mwenye haraka na mwenye maji mazuri akichukua la pili sitagombana naye.

Yapo ya kauri yenye mpini wa kupampu, kama Katadyn Pocket, gramu 550. Hayo yaweza kusuguliwa kwa brashi yakaziba na kuzibuka miaka mingi, lakini yakianguka juu ya jiwe kauri hupasuka. Hayo ni ya kambi na ya jamaa wengi, si ya mtu ahesabuye gramu. Ipo pia taa ya miali isiyoonekana kwa jicho, inayokorogwa katika litari moja ya maji kwa dakika moja na nusu. Huua hata virusi, lakini yataka maji maangavu na betri nzima, na betri hufa siku iliyo mbaya.

Sasa khatari iliyo kubwa ya chujio la mirija, ambayo wauzaji huiandika kwa herufi ndogo: lisigande kwa baridi. Chujio likiisha kutumika hubakia maji ndani ya mirija, hata ukilitikisa namna gani. Maji yakigeuka barafu hupanuka, na mirija hupasuka. Na ubaya wake ni huu, kwamba kwa macho halionyeshi kitu. Asubuhi barafu huyeyuka, chujio latoa maji kama kawaida, pengine hata upesi kuliko jana, na mwenyewe akafurahi, kumbe sasa lapitisha kila kitu. Katika milima ile usiku huganda hata katikati ya kiangazi, mahali pa juu. Basi, mwanangu, kila usiku litie chujio katika mfuko mdogo usiovuja, ulale nalo ndani ya blanketi lako la kulalia, pamoja na mwili. Mchana wa baridi lichukue katika mfuko wa nguo. Na ikiwa siku moja utaliacha nje na maji ya sufuria yakawa barafu, usijaribu kulibahatisha. Lihesabu kuwa limekufa.

Kwa ajili ya siku hiyo chukua akiba: vidonge vya klorini dioksaidi, ambavyo uzito wake ni kama hapana. Kidonge huua bakteria na virusi kwa nusu saa, lakini Cryptosporidium ana ganda gumu, naye huhitaji muda wa saa nne. Na mkiwa na jiko, kuchemsha kwawashinda wote watatu. Maji yakichemka kwa kutokota dakika moja yatosha. Juu ya mita 2,000 hufanywa dakika tatu, kwa kuwa mahali pa juu maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya pwani. Sikuanza na kuchemsha kwa sababu ya gesi, kwani nayo hubebwa mgongoni.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea halimo katika chujio bali mikononi. Mfuko wa maji machafu na chupa ya maji safi visikutane midomo. Tone moja litokalo nje ya mfuko likadondoka katika shingo ya chupa laharibu kazi yote ya maikroni. Aliyenionyesha machujio, ambaye ameona makundi mengi ya wasafiri wakiumwa matumbo, aniambia kwamba mara nyingi chujio halikuwa na kosa. Mtu alitoka haja, hakunawa, akatia mkono katika mfuko wa karanga wa watu wote. Katika hili mtoto aliyelelewa kwa istinja na kunawa ana nafuu kubwa, lakini na aongeze sabuni.

Mpaka hapa nimesema juu ya milima ya Marekani. Lakini katika barua ya mama mna mstari mmoja wa chini uliotaka kunipita: kwamba kijana ataleta machujio mawili mwisho wa mwaka, kwa binamu zake, ili watembee wote Usambara, na kwamba "hayo yatawatosha, hawatahitaji kuchemsha tena." Mstari huo ndio ulionifanya nikae kuandika usiku.

Hayatawatosha. Chujio lile lile ambalo ni amana kule, hapa ni nusu ya kazi. Kule Sierra juu ya kijito mara nyingi hakuna mtu illa wapitao njia, na virusi vya maradhi hutoka kwa watu. Kwa hiyo wasafiri wengi wa kule hutegemea chujio peke yake, na wengi hawapati dhara. Hapa kwetu juu ya kijito kuna kijiji, na kama hukioni, kumbuka miti yangu ya mwaka 2004. Kirusi cha ini na virusi vya kuharisha watoto vitapita katika matundu ya maikroni moja ya kumi kama tui lipitavyo katika kifumbu.

Yapo machujio yenye matundu madogo zaidi yanayozuia hata virusi. Moja huitwa MSR Guardian, uzito wake ni kiasi cha nusu kilo na bei yake si ya mwanafunzi. Mtu akitaka kununua la namna hiyo, asitazame maneno makubwa ya nje ya sanduku. Atafute penye hesabu: kwamba laondoa bakteria kwa asilimia 99.9999, virusi kwa asilimia 99.99, na wadudu wa ganda kwa asilimia 99.9. Hicho ndicho kipimo kilichowekwa Marekani katika mwaka 1987. Sanduku likitaja bakteria na wadudu kisha likanyamaza juu ya virusi, basi kunyamaza kwake ndilo jibu.

Lakini hakuna haja ya gharama hiyo. Na walete yale mawili mepesi, na kila litari ikiisha kuchujwa watie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, wangoje nusu saa. Mpango uwe huo, kuchuja kwanza na dawa baadaye, kwa sababu taka za maji huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Hapo kila kimoja chamfaa mwenziwe: Cryptosporidium asiyejali klorini amezuiwa na chujio, na virusi visivyozuiwa na chujio vimeuawa na klorini. Na wakifika jioni nyumbani kwa watu penye moto, wachemshe, wajaze chupa za kesho.

Tena wakumbuke kwamba machujio haya ya mirija hayaondoi dawa za mimea. Mabonde ya Lushoto yamelimwa mboga, na mboga hupigwa dawa. Maji yaliyopita katika mashamba hayo yaachwe, yachotwe ya juu ya mashamba. Wala hakuna katika hayo liondoalo chumvi, nasema hivi kwa vijana wa pwani wapendao kujaribu. Na wakishuka nyanda za chini wasivue viatu kuingia katika madimbwi na mito ya polepole, kwani kichocho hakingoji kunywewa. Huingia katika ngozi.

Kijana ameweka na swali moja langu khasa, mwisho wa barua: je, maji ya chujio yafaa kutawadhia? Yafaa. Na ya kijito yasiyochujwa yafaa pia, kwa hiyo asilichoshe chujio lake kwa udhu. Atawadhe kwa maji ya kijito. Illa maji ya kusukutua na ya kupandisha puani ayachukue katika chupa yake iliyochujwa, nayo ni makoga mawili matatu tu, na asimwache mwenziwe yeyote kufanya vinginevyo kwa kuwa maji yale ni maangavu.